Nilivyomchelewea Mwalimu Swalehe

Mliniona nikiondoka Kibomet Ijumaa baada ya swala, jogoo amefungwa nyuma ya baiskeli na kilo tano za mchele zikining'inia kwenye usukani, nikiwapungia mkono kama bwana harusi. Mkaniona nimerudi wiki moja baadaye bila jogoo, bila mchele, nimekonda, na sisemi. Tangu hapo kila anayepita kwenye kibanda changu cha kutengeneza baiskeli ananiuliza, "Idi, kwani ilikuwaje huko?" Nimechoka kujibu vipande vipande. Naandika yote mara moja, na atakayeuliza tena nitampa karatasi asome.

Kwa wale waliohamia Kibomet juzi juzi: Mwalimu Swalehe ndiye aliyetufundisha Kurani nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Mimi nilikaa mbele yake miaka saba. Ni Mbukusu wa Bokoli aliyesilimu akiwa kijana, na ulimi wake ulikuwa wa ajabu. Akizungumza Kiswahili, ele na ere, yaani l na r, zilibadilishana viti apendavyo Mungu. Alijiita "Mwarimu Swarehe" bila wasiwasi. Lakini akifungua msahafu, hakuna herufi iliyoteleza hata siku moja. Watoto wa huku wenye ulimi kama wake aliwafundisha mpaka wakasoma sawasawa, na jinsi alivyofanya hakuna mwalimu mwingine aliyejua.

Alipozeeka akarudi kwao Bokoli, darasa likafa. Mara tatu aliniomba nilichukue. Mara tatu nilimjibu, "Bado, Mwalimu, mimi ni kijana." Naye kila mara alinikumbusha ile nasaha ya Mtume, rehema na amani zimshukie, ya kutumia vitano kabla ya vitano, na kwamba ujana kabla ya uzee umetajwa mwanzo. "Ni ya kwanza, Idi," alikuwa akisema. "Si ya tano." Nilikuwa naitikia "ndiyo" kisha naenda zangu. Nadhani nilikuwa naungojea ujana wangu uishe ndipo niutumie.

Jumanne alinipigia simu, sauti inakwaruza kama ya mtu aliyeshinda kwenye vumbi. "Idi mwanangu, kuja Arhamisi. Kuja na karamu. Usicherewe."

Nikasema sawa. Alhamisi yenyewe tulikuwa na fainali ya drafti pale kwa kinyozi, mnakumbuka, na nikashindwa vibaya. Karamu haina haraka, nilijiambia, mgeni akichelewa anawekewa chakula chake. Mkaniuliza kama siendi, nikawajibu haraka haraka haina baraka. Hakuna hata mmoja wenu aliyenikumbusha kwamba ngoja ngoja nayo huumiza matumbo.

Sasa niwaambie mapema jambo ambalo mimi sikulijua njia nzima. Mwalimu alikuwa mgonjwa wa koo. Jumatatu asubuhi angefanyiwa upasuaji Bungoma, na baada ya hapo asingekuwa na sauti tena maishani. Yaani wakati nakanyaga pedali nikipiga mluzi, sauti ya Mwalimu ilikuwa imebakiza siku tatu.

Kibomet hadi Kiminini

Mtaniuliza kwa nini baiskeli. Kwa sababu nilikuwa nimemaliza kuiunda ile nyeusi ya chuma, na kwa sababu ya majivuno. Kijana wa miaka ishirini na tatu ana miguu, nilisema. Karibu kilomita hamsini hadi Bokoli, nazo zina milima.

Alasiri ilinikuta Kiminini. Nikaegesha baiskeli karibu na hoteli ndogo ya mabati, nikamwomba mama mwenye hoteli maji, nikatawadha na kusimama kwenye nyasi kuswali. Nilipokuwa nimesujudu nikasikia viatu vinakuja.

"Kijana! Umeangusha nini?"

Sikuweza kujibu. Nikainuka, nikasujudu tena. Mama wa watu akadhani nimezidiwa na uchungu wa hasara, naye akainama kando yangu, akaanza kupekua nyasi. Nilipotoa salamu kulia na kushoto nilimkuta ananinyooshea kifuniko cha soda.

"Ni hii?"

"Hapana, mama. Nilikuwa naswali."

"Ati ulikuwa unaomba? Si ungesema!"

"Ningesema vipi na nilikuwa katikati ya maombi?"

Alicheka mpaka akajishika kiuno. "Sisi huku tukiomba tunafunga macho. Wewe umeyafungua unaangalia chini, nikajua tu ni shilingi imepotea." Kwa aibu akanipa chai ya maziwa na chapati mbili, akakataa malipo, kisha akataka kumnunua jogoo. Nilimweleza ni wa karamu ya mwalimu wangu. "Karamu ya leo na wewe bado uko hapa?" akauliza. Nikamwambia ilikuwa ya jana. Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Kamukuywa

Mvua ilinishika kabla sijafika, ile ya huku isiyojua manyunyu. Nililala kwa mjomba wangu, ndugu wa mama, nguo zangu zikikauka jikoni. Asubuhi ya Jumamosi nikampigia Mwalimu kumwomba radhi. Simu haikupatikana. Nikapiga tena, na tena. Mjomba akasema betri imeisha tu, kaa unywe uji.

Nilikunywa uji nimesimama. Kuna kitu kilikuwa kinaniwasha moyoni na sikukijua jina. Jogoo naye alikataa mahindi. Nikamfunga tena tukaondoka, mjomba akilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawatulii.

Misikhu, kwa harusi ya watu

Karibu na Misikhu wanaume wawili waliovaa suti walitoka kwenye boma moja wakakimbilia barabarani, mikono juu. Nilidhani kuna moto.

"Wewe ni Mwisramu?" mmoja akauliza, ameikazia macho kofia yangu.

"Ndiyo."

"Bwana asifiwe!"

Wakashika usukani wa baiskeli, mmoja huku, mmoja kule. Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Kijana wao alikuwa anaoa, na baadhi ya wakwe walikuwa wanatoka Mumias, nao ni Waislamu. Fahali alikuwa tayari, sufuria ziko tayari, kina mama wamewasha moto tangu alfajiri, lakini mtu aliyeitwa kuja kuchinja hajaonekana. Mnajua desturi ya huku: Mkristo mwenye sherehe hachinji mwenyewe kama anatarajia Waislamu. Humtafuta Mwislamu ashike kisu, ili wote wale chungu kimoja na pasiwe na mtu wa kunyimwa. Ni desturi nzuri sana, ila siku hiyo iliniangukia mimi.

"Nimechelewa mahali," nikasema. "Na isitoshe mimi nimechinja kuku tu."

Baba mdogo wa bwana harusi, mzee mfupi mwenye hasira za karibu, akaja kunipima kwa macho kuanzia juu hadi chini. "Kijana una nguvu hivi, ati unaogopa ng'ombe? Kwani utachinja wakati gani, ukishika mkongojo?"

Wote wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeshawahi kulisikia swali hilo kwa maneno mengine.

Nikaomba kisu. Kilikuwa butu, nikataka kinolewe. Nikauliza kaskazini ni wapi, maana kibla chetu ni kaskazini, na watu watatu wakaonyesha pande tatu. Mwishowe tukaafikiana kwa kuutazama Mlima Elgon na jua. Vijana sita wakamlaza fahali, nikamfunika jicho kwa kiganja, nikalitaja jina la Mungu, nikakata mara moja bila kuinua mkono. Nilipomaliza mama mmoja alikuwa ananipigia vigelegele.

Nilidhani sasa nitaachiwa. Wallahi, hapo ndipo nilipofungwa zaidi. Mchinjaji haondoki na njaa, hiyo ni laana kwa nyumba. Nikala maini ya kuchoma kwa ugali wa wimbi, nikangojea nyama, nikaambiwa wakwe hawajafika na lazima wanione kwa macho ndipo waamini. Wakwe walifika saa nane. Mzee wao akanihoji kama polisi: nimesema bismillahi? Kisu kilikuwa kikali? Nilielekea wapi? Nikamjibu yote huku nikiitazama baiskeli. Nilipotoka pale ilikuwa imepita saa tisa. Nilikuwa nimefanya jema na nilikuwa na hasira, na vyote viwili vilikaa ndani yangu mpaka Bokoli.

Bokoli

Mariamu, binti yake Mwalimu, alikuwa anafagia uwanja. Hapakuwa na hema wala viti wala harufu ya pilau. Palikuwa na kiti kimoja tu barazani.

"Papa arienda jana jioni," akasema hata kabla ya salamu. "Arikungoja, Idi."

"Alienda wapi? Karamu haikufanyika?"

"Karamu gani?"

"Alinipigia simu. Akasema nije na karamu."

"Si ndiyo hiyo!" Akainua mkono, akachora hewani kwa vidole vitatu. "Karamu. Ya kuandika."

Nilisimama pale na jogoo wangu. Miaka saba nilikaa mbele ya mtu yule. Nilijua kwamba kwake barabara ni "balabala" na kalamu ni karamu. Mtoto wa darasa lake angeelewa. Mimi nilisikia chakula kwa sababu nilitaka kusikia chakula.

Mariamu aliniketisha akanieleza yote, koo na Jumatatu na daktari. Alichokitaka Mwalimu ni mtu wa kuandika jinsi alivyofundisha herufi, zote ishirini na nane, yale maneno yake madogo aliyokuwa akiyatumia kuutengeneza ulimi wa mtoto wa huku. Hayakuandikwa popote. Mkono wake mwenyewe unatetemeka miaka mingi. "Arisema katika wanafunzi wake wote ni wewe tu unaandika haraka na unaweza kusoma tena kire umeandika."

Alhamisi alikaa kwenye kiti kile kuanzia adhuhuri hadi magharibi, daftari jipya magotini. Ijumaa akakaa tena. Kila pikipiki ikipita aliinua kichwa. Gari la kumpeleka hospitali lilipofika aliomba wangoje kidogo, wakangoja kidogo, kisha wakaenda.

Nililia mbele ya Mariamu, sioni haya kuandika. Nilitaka kuondoka papo hapo lakini alisimama mlangoni akakataa, kwamba jua linazama na barabara ni tope, nikianguka nitakuwa nimemsaidia nani. Nilimwachia jogoo na mchele. Akanipa lile daftari. Jumapili baada ya swala ya alfajiri nilikuwa njiani.

Webuye hadi Bungoma

Tope la Bokoli liliziba magurudumu, nikawa naisukuma baiskeli badala ya yenyewe kunibeba. Nilipoziona dohani ndefu za kiwanda cha karatasi cha Webuye nilifikiri shida zimekwisha, na papo hapo spoku mbili za gurudumu zikakatika. Mimi fundi wa baiskeli, na koleo nimeliacha Kibomet ili nipate nafasi ya mchele.

Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kiwandani akaniazima koleo lake, kisha akavuta kigoda akaketi karibu nami. Yeye hakuwa na haraka yoyote.

"Nyinyi Waislamu huwa mnaoa wanne, si ndiyo?"

"Mimi hata mmoja sina, mzee."

"Lakini ukitaka, wanne?"

"Mzee, tafadhali nishikie hapa."

Akashika, akaendelea kuuliza, na wake ambao sina wakazidi kuongezeka. Nilimjibu kwa mkato mpaka nikajionea aibu, maana koleo lilikuwa lake na Jumapili ilikuwa yake. Nilipomaliza nilimshukuru kwa mikono miwili. Halafu nikaingia barabara kuu, malori yakinipita karibu hivi kwamba kanzu ilipepea upande. Sikupiga mluzi. Nilikuwa nahesabu saa zilizobaki hadi Jumatatu, naanza upya, nahesabu tena.

Nilifika kwenye lango la hospitali saa saba na nusu. Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa imeisha saa saba.

"Rudi saa kumi," bawabu akasema.

"Ndugu yangu, nimetoka Kibomet, kule Kitale, kwa baiskeli."

"Hata ungetoka Nairobi kwa miguu, ni saa kumi. Mgonjwa ni mzee wako?"

"Ni mwalimu wangu."

"Sasa kama si baba yako, mbona unaria hivyo, bana?"

Alinionea huruma, lakini sheria ni sheria, na haikuwa kosa lake. Akanionyesha kivuli. Sikuweza kukaa. Nilizunguka ua ule mpaka mwenye kuuza ndizi akaniuliza kama nimepotea.

Wodini

Saa kumi kamili nilikuwa kando ya kitanda chake. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na sauti yake ilikuwa imebaki ya kunong'ona.

"Umecherewa," akasema. Kisha, "Umekuja na karamu?"

Nikapapasa mifuko. Wallahi sina. Daftari ninalo, kalamu sina! Nikakimbia hadi kwa muuguzi, dada mwenye miwani, nikamwomba. Akanipa yake. "Hiyo ni ya kuandikia dawa, usinitoroke nayo."

Niliporudi Mwalimu aliniuliza kwa nini sikufika Alhamisi, na sikuweza kumdanganya. Nikamwambia nilisikia karamu, ya kula. Nikamwambia na jogoo. Akanitazama, akaanza kucheka. Alicheka kwa sauti nzima, ile ya zamani ya nyuma ya kinu, wagonjwa wengine wakageuka. Kisha kikohozi kikamshika, na kilipomwachia sauti ilikuwa imepungua sana. Ndicho kicheko cha mwisho nilichokisikia kutoka kwake.

"Andika," akasema.

Tukaanza na alif. Kila herufi ina maneno yake. Ba, ni midomo ya mtoto anayeficha peremende. Kha, mwiba wa samaki umekwama, utoe polepole. Ra, ulimi utetemeke kama kifuniko cha sufuria maji ya ugali yakichemka. Ain, ng'ombe ameanza kulia akaghairi. Baada ya kila moja aliniamuru niitoe mwenyewe, na hakuendelea mpaka atikise kichwa kukubali. Baadhi nilizirudia mara sita. Nilikuwa nimeziacha zishike kutu. Mkono wangu uliandika, macho yangu yakiwa kwenye saa ya ukutani, na kila alipopumzika kumeza mate nilitamani nimmezee mimi.

Tulipomaliza kaf, herufi ya ishirini na mbili, muuguzi alisimama miguuni pa kitanda. Muda umeisha, na mgonjwa wa upasuaji lazima apumzike. Nikamwomba dakika tano. Akatazama mlangoni, akanipa mbili.

Inayofuata ni lamu. Ndiyo iliyomsumbua kila mtoto aliyewahi kukaa mbele yake, kwa sababu ndiyo wanayoibadilisha na ra, na ndiyo iliyo katikati ya jina la Mwenyezi Mungu. Mwalimu akafungua kinywa. Sauti haikutoka. Akajaribu tena, ikatoka pumzi tupu. Akanishika mkono wa kalamu, akaushusha, akafungua kinywa wazi nikaona ulimi wake ukipanda, ukagusa nyuma ya meno ya juu, ukatulia pale. Akakaa hivyo mpaka dakika mbili zikaisha.

Upasuaji ulikwenda salama, alhamdulillahi. Nilikaa Bungoma mpaka alipoweza kuketi, ndiyo maana nilirudi baada ya wiki. Sasa yuko Bokoli, anakula, anaswali, anakasirika kwa mikono. Anapumua vizuri. Hasemi.

Basi mnaoniuliza mbona sionekani tena kwa kinyozi baada ya alasiri: niko nyuma ya kinu na watoto tisa. Nawasomea kutoka kwenye daftari. Mim, nun, ha, wau na ya nimezitungia maneno yangu mwenyewe, na si mazuri, watoto wanayasahau kesho yake. Lamu sikuitungia chochote. Nikifika hapo nafungua kinywa, nawaonyesha ulimi wangu ulipo, nao wote tisa wanafungua vyao, kimya, mpaka nimtazame kila mmoja.

Juzi wakaniuliza mbona herufi hii peke yake haina maneno. Nikawaambia maneno yalikuwepo. Mimi ndiye sikuwepo.